Mashine Haikufa, Aliyekufa ni Mimi kwa Aibu

Najua wengi wenu mmeshaiona klipu yangu na kompyuta yangu ya kale ikifuka moshi ukumbini, kwa hiyo naomba na mimi nisikilizwe. Sikulipua ukumbi. Hakuna aliyeumia. Na ule ukelele mnaousikia mwishoni si wangu, ni wa kijana wa sauti, na mwenyewe kakiri. Kakiri baada ya kubembelezwa, lakini kakiri.

Swahiba wangu ndiye aliyenishawishi niende, ndiye aliyerekodi, ndiye aliyesambaza, na ndiye aliyeandika juu yake: "Mzee wa programu huria agawa moshi huria, bure kwa wote." Nilicheka. Nilipomaliza kucheka nikamfungia asinipate popote. Kisha nikamfungulia, maana monita yangu bado iko kwenye gari lake.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua ninachokihubiri. Wageni, kwa kifupi: kifaa usichoruhusiwa kukifungua wala kusoma kinavyofanya kazi si chako, umekodishwa tu. Ndiyo maana natumia programu huria, yaani zile unazoruhusiwa kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa, na ndiyo maana nyumba yangu imejaa kompyuta ambazo mke wangu huziita "wale wagonjwa wako". IBM walipotoa PC yao mwaka 1981 waliuza na kitabu cha kiufundi chenye michoro ya umeme na msimbo mzima wa BIOS, ile programu ya kuiamshia mashine, mstari kwa mstari. Leo ukinunua simu unapewa kikaratasi kinachokuelekeza usiitumbukize majini.

(Tulieni, wanasheria. Najua kusoma si sawa na kuwa huru. Ile BIOS ilikuwa na hakimiliki, na kampuni ya Compaq walipotaka mashine inayolingana nayo ilibidi waweke wahandisi waandike ya kwao bila kuchungulia ile ya IBM. Ndiyo maana nampa heshima Richard Stallman, aliyetangaza GNU, mradi wa programu huria, mwaka 1983, halafu 1989 ikatoka leseni ya GPL: soma, badilisha, gawa, na ukigawa usimfungie mwenzako mlango. Pamoja na hayo, na Linux yenyewe, ule mfumo endeshi huria, nina kinyongo nayo. Linus Torvalds aliianzia kwenye 386, kichakataji cha Intel, mwaka 1991. Toleo la 3.8, mapema 2013, likaitupa 386 nje, na Linus mwenyewe akasema yeye si mtu wa kulilia vitu vya zamani. Basi. Mimi ni mtu wa kuvililia. Ndiyo maana watu wa NetBSD, mfumo endeshi huria mwingine, nawapenda, bado wanazihudumia hadi VAX, kompyuta za kale kabisa.)

Haya, twende ukumbini.

Vijana wa programu huria waliniomba niwaletee mashine ya kale inayofanya kazi, si picha. Nikachagua BBC Micro, Model B, kompyuta ya Kiingereza ya enzi zile: kichakataji cha 6502 kinachokwenda megahezi 2, kumbukumbu kilobaiti 32. Kilobaiti, watoto. Picha za paka mnazotumiana, humo haliingii hata sikio.

Niliiandaa kama ninaipeleka kuposa. Nilisugua kibodi kitufe kwa kitufe kwa mswaki. Nikafuta vumbi, nikang'arisha kava mpaka nikajiona. Kava, kwa nje. (Mnaojua umeme mmeshaanza kucheka. Nyamazeni kwanza, wenzenu hawajafika.)

Nikaiunganisha mezani, taa zikapunguzwa ili projekta ionekane, nikabonyeza swichi. Ikalia ule mlio wake, mzito kwanza kisha mwembamba, na papo hapo kwenye monita: BBC Computer 32K, BASIC, na kile kialama chake cha kukusubiri uandike. Hakuna nembo inayozunguka, hakuna "tafadhali subiri". Ukumbi ukapiga makofi.

Mtu mwenye akili angezima hapohapo, akashukuru, akashuka. Lakini makofi nayo yana ulevi wake.

"Mnaiona?" nikasema. "Hii imeingia sokoni 1981. Haikuulizi nywila. Haikuombi sasisho usiku wa manane. Haimpelekei mtu yeyote habari zako. Zamani, wanangu, vitu viliundwa vidumu!"

Klipu ya swahiba inaanzia hapo. Neno "vidumu" kaliwekea mwangwi.

Dada mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Shikamoo, mzee. Nauliza, ile ROM yake ni huria?"

Swali zuri. Zuri mpaka likaniudhi. ROM ni chipu zenye programu za mashine zilizochomwa ndani moja kwa moja. Jibu ni hapana, ROM za Acorn, kampuni iliyoitengeneza, zilikuwa na hakimiliki kama za wengine. Nikaanza kuzunguka mbuyu: nikamweleza kwamba BASIC ile, lugha yake ya kuandikia programu, aliiandika Sophie Wilson, kwamba ndani yake mna asembla, unaandika maagizo ya kichakataji katikati ya programu yako bila kununua chochote cha ziada, kwamba mashine imekuachia milango wazi hata kama...

"Kwa hiyo si huria."

"Si huria, ila..."

"Asante, mzee." Akakaa. Ukumbi ukaangua kicheko.

Sasa hapo ndipo nilipotaka heshima yangu irudi. Nikainamia kibodi na kuandika, huku projekta ikiwaonyesha kila herufi kupitia kamera:

10 PRINT "BADO NIPO"
20 GOTO 10

Nikaandika RUN. BADO NIPO ikaanza kumiminika kwenye skrini, mstari juu ya mstari, bila kuchoka. Nikasimama kando ya meza, mkono mmoja kiunoni, mgongo kwa mashine, uso kwa watu. "Na itaendelea hivi," nikasema, "hadi sisi sote tumezikwa."

Kwanza nikasikia tik. Kadogo tu. Nikadhani ni kiti cha mtu.

Kisha macho ya mstari wa mbele yakahama. Walikuwa wakinitazama usoni, sasa wanatazama bega langu la kulia, halafu juu ya bega. Mmoja akafungua mdomo polepole. Na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani nimewagusa. Nikapandisha sauti. Nikaanza sehemu ya hotuba inayohusu vizazi vijavyo.

Dada wa mstari wa mbele akanyoosha mkono tena. Nikamwambia maswali baadaye.

"Si swali, mzee."

Nikageuka. Upande wa kushoto wa mashine, iliko pawa saplai, ulikuwa unatoa uzi mwembamba wa moshi mweupe, umenyooka, umetulia, kabisa kabisa hauna haraka. Niliutazama. Sijui niliutazama muda gani, swahiba anasema ni sekunde nyingi na anao ushahidi. Akilini mwangu nilikuwa nikisema: si wangu huu. Umetoka kwingine, unapita tu.

Ndipo ikapasuka. PAA! Uzi ukawa wingu, wingu likafumuka mezani na kunivaa kifuani, na harufu ikaja nyuma yake. Na maikrofoni, ambayo ilikuwa imebanwa kwenye kola yangu, ikautangazia ukumbi mzima neno nililolitoa. Miaka yote nimesoma, nimebishana, nimeandika makala ndefu kuhusu leseni. Neno lililonitoka lilikuwa "Mamaaa!"

Nikapiga magoti kutafuta plagi. Chini ya meza kulikuwa na ekstensheni moja iliyobeba kila kitu, nyaya zote nyeusi, zote zimesukana. Nikashika moja, nikaing'oa kwa nguvu zote.

Projekta ikazima.

Kumbe taa zilikuwa zimepunguzwa mno, projekta ndiyo iliyokuwa ikituangazia. Ukumbi ukawa giza. Giza kabisa, isipokuwa skrini ya monita, na ndani ya lile wingu la moshi, kwa herufi nyeupe zinazong'aa, mbele ya watu wote waliokuja kusikiliza habari za uimara:

BADO NIPO
BADO NIPO
BADO NIPO

Ukumbi ulikaa kimya kidogo. Halafu mtu mmoja wa nyuma akashindwa kujizuia. Mnajua kile kicheko kinachoanza kwa pua? Kikaambukiza safu yake, kikaja mbele, na kikawa kinashindana na vikohozi.

Nikang'oa waya mwingine. Ule wa spika. Hapo ndipo kijana wa sauti alipopiga ule ukelele wake, na hapo ndipo klipu inapokatika, kwa hiyo hamkuona nilivyoipata plagi yenyewe, kwa ustadi mkubwa, gizani. Skrini ikazima. Na kengele ya moto, iliyokuwa imejikalia kimya muda wote huo, ikaona sasa ndiyo zamu yake.

Tukatoka nje wote. Mlinzi akanikimbilia na kuniuliza nani kachoma samaki.

Sasa ninyi wa umeme, semeni. Naam. Kapasita, kipande kidogo cha kielektroniki, ya kichujio cha umeme. Zile za karatasi, ambazo zimefunikwa plastiki ngumu ya manjano unayoweza kuona ndani yake. Ikizeeka, lile ganda linapata nyufa, unyevu wa hewa unaingia, karatasi inaunyonya. Mashine inaweza kukaa kabatini imetulia. Siku ukiichomeka, kapasita ile, ambayo kazi yake ni kukaa katikati ya nyaya mbili za umeme wa ukutani, inaanza kupitisha mkondo pale usipotakiwa kupita, inapata joto, karatasi inaungua, na ganda linapasuka. Kila anayekusanya mashine za enzi zile anajua, hata zile za makampuni mengine. Mimi najua. Nimewahi kuwaandikia humu humu. Kuna mmoja wenu kanitumia maneno yangu mwenyewe, kayazungushia duara jekundu. Ubarikiwe.

Tena kichekesho chenyewe: kapasita ile haifanyi lolote la kuendesha kompyuta. Kazi yake ni kuzuia kelele za umeme zisitoke kwenye mashine kwenda kwenye waya za nyumba. Ikifa, mara nyingi mashine haina habari. Ndiyo maana ilikuwa inaendelea kuandika. Kwa hiyo niliposema itaendelea hadi tumezikwa, kiufundi sikuwa nimekosea, lakini jaribu kuwaeleza hivyo watu mia wanaokohoa.

Nilijaribu, wallahi. Tukiwa pale nje kila mtu kanielekezea simu, nikawaambia: "Mnajua kwamba kichakataji kilichomo kwenye simu hizo asili yake ni kampuni hii hii? Acorn! Sophie Wilson na Steve Furber walibuni ARM, muundo wa kichakataji hicho, na chipu ya kwanza ilipowashwa Aprili 1985 ilikuwa imeunganishwa na BBC Micro!" Ni kweli tupu, na ni historia tamu kuliko zote ninazozijua. Kwenye video za wengine naonekana mzee amepakwa masizi, anapayuka majina ya Waingereza mbele ya kengele ya moto.

Mengineyo ni ya kawaida. Zimamoto hawakuja. Ukumbi ulipepewa. Waandaaji wakanishukuru kwa "wasilisho la kukumbukwa" na kuniambia mwakani niende na picha. Nyumbani nikafungua pawa saplai, nikakuta ganda limepasuka na jirani yake, maana zilikuwa mbili, naye ana nyufa anasubiri zamu. Nikazilehemu mpya za plastiki zote mbili, na mchoro wa saketi nilikuwa nao, kwa sababu wa enzi zile walikuwa wanakuachia. Mashine inawaka. Koti haliwezekani, limekaa nje ya nyumba kwa amri ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba mnamjua.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, ila asubuhi hii nimepata ujumbe kutoka kwa yule dada wa mstari wa mbele. Anasalimia vizuri, anasema amecheka lakini pia amejifunza, na kwamba marehemu mjomba wake aliacha kompyuta kama ile stoo, kava limegeuka manjano, haijawashwa tangu yeye mtoto. Akauliza kama kuna tahadhari yoyote.

Nikamjibu kwa herufi kubwa: USIICHOMEKE. FUNGUA KWANZA. TAZAMA KAPASITA.

Akajibu papo hapo: "Nimeshaichomeka, mzee. Nilichokuwa nauliza ni harufu hukaa siku ngapi, maana mama yuko njiani anarudi."