Ziwa ni letu, mbona njia ya kulifikia ina geti?

Jumamosi asubuhi mume wangu alikuwa anasoma gazeti la hapa Västerås, Uswidi, kwenye simu, chai iko mezani, akaanza kunisomea habari kwa sauti kama anavyopenda kufanya wikendi. Kuna mtu ana nyumba karibu na ziwa, alijenga sakafu ya mbao kuelekea majini, akaweka kauzio kafupi na viti viwili, basi mpita njia mmoja akalalamika na manispaa wakamwandikia mwenye nyumba barua aondoe vyote. Hakuna mtu aliyefukuzwa pale. Kosa lake ni kwamba anayepita akiona vile viti na kauzio atadhani pale ni kwa mtu, ataona aibu, atageuka, na ufuo ni wa kila mtu. Nikamwambia rudia hapo. Akarudia.

Chai haijaisha naingia WhatsApp, kundi la ukoo, ndugu yangu ametuma picha ya ile njia ya Masese, kwetu Jinja, Uganda, tuliyokuwa tunashukia Ziwa Victoria utotoni, imezibwa na mabati mapya yanang'aa, kuna geti, na askari wa kampuni ya ulinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki. Watu wakaweka vile vikatuni vya kulia, mmoja akaandika "hiyo ndio Uganda", mazungumzo yakahamia michango ya harusi. Mimi nilishindwa kuhama, ndio maana naandika.

Najua watakaosema ameanza, kakaa kidogo Ulaya sasa anatufundisha. Subirini kwanza. Mimi ni mtoto wa Walukuba, Jinja, nimezaliwa kwenye zile nyumba za wafanyakazi, baba alitoka Arua kuja kutafuta kazi ya kiwanda, jirani huku Msamia, kule Mluo, nyuma Mnubi, na wote tulielewana kwa Kiswahili hiki hiki. Hatukuwa na kiwanja wala shamba. Tulichokuwa nacho ni lile ziwa. Jumapili mchana joto likizidi watoto wote wa mtaa tunateremka Masese, tunaogelea, tunaosha nguo, tunamsaidia mvuvi kuvuta mtumbwi anatupa mukene kidogo, wale dagaa, tunapeleka nyumbani. Kwa hiyo msiniambie mambo ya ziwa nimeyajulia Uswidi.

Huku sisi ni watu wa kyeyo, yaani wa vibarua vya ughaibuni, kama wengine. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, mume wangu yuko bohari anapanga mizigo. Baridi ya huku sitaisifia hata siku moja, Desemba unatoka kazini saa tisa na nusu mchana giza limeshaingia, jirani mnaishi naye ukuta kwa ukuta hajui jina lako, na mama akiugua nyumbani unalia ukiwa umeshika simu. Lakini kiangazi kikija Mungu anatulipa. Mwezi wa sita jua linazama saa nne usiku na ushee, saa tisa na nusu limeshachomoza tena, basi tukitoka kazini kunabaki jioni nzima, tunafunga mkate na chupa ya chai kwenye baiskeli, tunaenda Mälaren.

Mälaren ni ziwa la tatu kwa ukubwa Uswidi, na ni moja ya maziwa matano ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuvua kwa ndoano ya mkono bila kununua kibali chochote, mwenyeji au mgeni. Mume wangu hapo ndio kapata maisha. Anatunga nyungunyungu kwenye ndoano taratibu, anatupa, anakaa kwenye mwamba kimya kabisa, yeye ambaye nyumbani haachi kuongea. Wanaokuja zaidi ni abborre, samaki mwenye mistari myeusi ubavuni na mapezi mekundu, mgongoni ana miiba inayochoma vidole usipomshika kwa kumpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani, na magamba yake ni magumu hatari. Anayakwangua kwa mgongo wa kisu pale pale mwambani, vile vile walivyokuwa wanafanya wamama wa Masese kwenye ngege, yaani sato. Nikifika nyumbani namkaanga, namtia nyanya na kitunguu, tunakula na posho, yaani ugali, ya unga wa duka la Wasomali. Mimi naogelea. Pembeni yangu kuna bibi wa miaka themanini na kitu naye anaogelea, anatoka, anajikausha, anapanda baiskeli anaenda zake.

Mwezi wa saba tunaingia msituni kuchuma blåbär, vitunda vidogo vyeusi vya chini, ndoo inajaa, mikono na ulimi vinakuwa zambarau. Ule msitu una mwenyewe. Tena mara nyingi ni mtu binafsi, ana hati zake zote. Haulizwi. Wana haki wanayoiita allemansrätten, mtu anatembea kwenye ardhi ya mwenzake, anaogelea, anachuma uyoga na matunda ya porini, anaweza hata kulala kwenye hema usiku mmoja, ilimradi hakanyagi mazao, hasogelei nyumba ya mtu, haachi takataka. Mwaka 1994 wakaiingiza mpaka kwenye katiba. Na ufukweni wana sheria nyingine, mita 100 kutoka majini huruhusiwi kujenga ovyo, sehemu nyingine mpaka 300, na sababu yenyewe imeandikwa wazi: watu wafike majini. Huyo wa kwenye gazeti na viti vyake aligusa hapo.

Kuna jioni moja tumekaa kwenye miamba, juu yetu kuna nyumba nzuri nyeupe, mara mwenyewe akatoka anashuka kuja tuliko. Mume wangu hata hakufikiri, alikuwa ameshasimama, ndoano ameshaikunja, ananiambia kusanya vitu twende. Mtu mzima, ana karatasi zake zote, analipa kodi, mwili wake umesimama wenyewe kwa sababu amekulia mahali ambapo mwenye nyumba akitoka ujue unafukuzwa. Yule mzee alifika akatusalimia, akauliza samaki wanakula leo? Akatuonyesha upande wenye kina zaidi, akarudi kwake. Usiku ule nilipata hasira ambayo sijui hata nilikuwa namkasirikia nani. Sio huyo mzee. Nilikasirika kwamba nyumbani wametufundisha kukimbia tukiwa kwenye maji yetu wenyewe.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma zaidi ya yote. Watu wanadhani Uswidi wametuzidi kwa sheria. Hapana! Kanuni zetu za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinasema mita 200 kwa maziwa makubwa kama Victoria. Mia mbili. Wao kwa kawaida mia, sisi mara mbili yake. Na juu yake kuna Katiba ya 1995, Ibara ya 237, inasema maziwa, mito, ardhi oevu na hifadhi za misitu serikali inavishika kwa niaba ya wananchi wote, kwa faida ya wote. Haisemi kwa niaba ya mwenye hoteli. Nchi yetu iliandika jambo zuri kuliko la hawa ninaoishi nao, na nalisema kwa fahari, kwa sababu wale waliokaa wakaandika vile walikuwa Waganda wenye akili na walijua ziwa ni kitu gani kwetu.

Halafu nenda Entebbe. Nenda Munyonyo, nenda Ggaba, tembea ufuoni uone utafika wapi. Ukuta, geti, ukuta, seng'enge, bichi ya kulipia, ukuta. Hata Jinja penyewe, kwenda kusimama pale Nile inapotokea unalipa getini kwanza, na mimi nimezaliwa pale. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda mpaka likaipita rekodi ya 1964, maji yaliingia kwenye mabaa na hoteli za ufuoni, watu wakasema ni maafa. Kweli yalikuwa maafa, kuna wavuvi na wamama walipoteza kila kitu. Lakini zile hoteli zilikuwa zimekaa wapi? Ndani ya zile mita 200! Na mwaka 2024 nyumba zilipobomolewa Lubigi, pembeni ya Kampala, kwa sababu ni ardhi oevu, nilisoma nikasema sawa, kinamasi ni kinamasi, ila hilo tingatinga lenye nguvu hivyo lipelekwe basi na kwenye kuta za ufuoni.

Najua mtanijibu nini, nimeshajibizana na nyinyi kichwani wiki nzima nikiwa naosha vyombo.

Mtasema Uswidi ni nchi kubwa na watu kidogo. Ni kweli, wao ni kama milioni kumi na nusu kwenye nchi inayokaribia mara mbili ya Uganda, sisi sensa ya 2024 imehesabu karibu milioni 46. Kwa hiyo? Hiyo ndio sababu ya kuacha njia wazi. Mwenye ekari hamsini hahitaji ufuo wa umma. Anayeuhitaji ni mama wa chumba kimoja Walukuba mwenye watoto watano na joto la Februari. Na maji sisi tunayo mengi, ziwa kubwa la hawa, Vänern, ndio kubwa kuliko yote Umoja wa Ulaya, na Victoria ni zaidi ya mara kumi yake.

Mtasema tukifunguliwa tutajaza kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na chupa. Hili linaniuma kwa sababu tunalisemea sisi wenyewe kuhusu sisi wenyewe. Pale Masese zamani hapakuwa na geti, na mzee yeyote aliyekukuta unatupa uchafu majini alikuchapa na kwenu ukachapwa tena. Mtu anachafua kisicho chake. Mpe kiwe chake kwanza.

Mtasema bilharzia, mtasema mamba. Jamani, mvuvi wa Masese na mtoto anayechota maji kwa jerikeni wanaingia majini kila siku, geti la mwekezaji halijawahi kumponya mtu bilharzia. Mtasema hoteli zinaleta kazi. Zilete, mimi sina ugomvi na hoteli, huku pia zipo hoteli ziwani, tofauti ni kwamba mbele yake kuna kinjia na mimi napita na baiskeli yangu na mhudumu ananisalimia.

Na yule wa "kama kunakupendeza kaa huko huko" simjibu. Pesa ya bati la paa la mama inatoka huku, lakini moyo haujawahi kuondoka Jinja, na mtu anayeona nyumbani kwao panaweza kuwa pazuri zaidi huyo ndio anapapenda.

Mume wangu ananipinga kidogo, ngoja niwe mkweli niweke na maneno yake. Anasema sheria zangu na mita zangu ni karatasi tu, kinachofanya kazi huku ni yule mpita njia. Aliona uzio, hakumjua mwenye nyumba, hakuwa na shida naye, akakaa akaandika malalamiko, na ofisini kukawa na mtu wa kuyasoma. Nyumbani ukiandika utaulizwa wewe ni nani, nani kakutuma, una kiwanja kiasi gani hapo. Wavuvi wenyewe wamenyamaza tangu askari wa jeshi waanze doria ziwani mwaka 2017. Ni kweli, na ninajua uoga ule, siwahukumu walioweka kikatuni cha kulia. Lakini namkumbusha msitu wa Mabira. Mwaka 2007 walipotaka kugawa sehemu ya ule msitu ilimwe miwa, watu walitoka barabarani, kuna waliokufa, inauma mpaka leo, na mpango ule ulikwama. Msitu upo. Ukitoka Jinja kwenda Kampala unapita katikati yake, miti ipo pande zote mbili, halafu mbele unanunua kuku wa mishikaki Namawojjolo. Waganda hao hao mnaosema hawawezi ndio walioulinda.

Kwa hiyo Desemba tukija Jinja tumeshakubaliana, yeye hataki ila atanisindikiza. Nitaanzia kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, kwa heshima zote, nimuulize ile njia ya Masese iliuzwa lini na nani alisaini. Akinituma ofisi ya ardhi nitaenda. Nikiambiwa yule mwekezaji ana hati, nitaomba kuiona, na nitaomba pia kibali cha mazingira kilichoruhusu mabati ndani ya mita 200, na majibu nitayabandika hapa hapa, herufi kwa herufi. Na nyinyi mlioko Entebbe, Ggaba, Katosi, Kalangala, kila mtu anaijua njia ya kwao iliyozibwa. Pigeni picha, andikeni ilikuwa inapita wapi na ilizibwa mwaka gani, muulizeni mzee wa hapo kabla hajasahau.