E-Cat ya Andrea Rossi: Mita Ashike Nani?

Januari 2011, mjini Bologna, Italia, Andrea Rossi aliwaonyesha wageni wake mtambo mdogo aliouita E-Cat. Ndani, alisema, mna unga wa nikeli na gesi ya haidrojeni. Ukiupasha kwa umeme kidogo, viini vya atomu vinaungana, nikeli inageuka shaba, na joto linalotoka linazidi mara kumi umeme ulioingia. Kando yake alikuwepo Sergio Focardi, mwanafizikia mstaafu wa Chuo Kikuu cha Bologna, mtu wa heshima zake. Kuwepo kwake ndiko kulikofanya wengi, nami nikiwemo, tusiipuuze habari ile.

Nilitamani iwe kweli, na mpaka leo natamani. Karibu watu milioni 600 Afrika kusini mwa Sahara hawana umeme. Mtambo wa kukaa mezani, usio na moshi, unaoishi miezi kwa gramu chache za nikeli, ungewafaa watu hao kuliko bwawa lolote. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka habari za namna hii zitupwe bila kusomwa, eti kwa sababu vitabu vya fizikia vimekwisha kukataa. Ahadi kubwa kiasi hiki inastahili kupimwa. Kinachoniuma ni jinsi ilivyopimwa.

Tuanze na mvuke, maana hapo ndipo penye kiini cha ubishi wote wa mwanzo. Maji yaliingia kwenye mtambo yakiwa ya baridi, yakatoka upande wa pili kwa bomba, yakifuka. Hesabu ya joto ikapigwa kana kwamba maji yote yamegeuka mvuke. Sasa bandika sufuria ya maji jikoni uone. Kuchemka yatachemka upesi. Kuyakausha mpaka sufuria ibaki tupu ni shughuli nyingine kabisa. Kilo moja ya maji, kuitoa nyuzi 20 hadi nyuzi 100, inakula kilojuli kama 335. Kuigeuza kilo hiyohiyo iwe mvuke mtupu kunataka kilojuli 2,260 nyingine. Ikiwa karibu maji yote yanatoka bado ni maji ya moto yenye mvuke kidogo, na wewe daftarini umeandika kuwa yote ni mvuke, umelikuza joto la mtambo wako karibu mara nane, na hakuna kiini hata kimoja kilichoungana.

Dawa yake haihitaji profesa. Tumbukiza bomba kwenye pipa la maji baridi, funika, kisha pima pipa limepanda nyuzi ngapi. Au ongeza mwendo wa maji yasifike kuchemka, upime yanavyoingia na yanavyotoka. Rossi na mwenzake Giuseppe Levi, mwanafizikia wa Bologna, walisema walifanya jaribio la hivyo mwezi uliofuata, na kwamba matokeo yalikuwa makubwa ajabu. Lakini lilifanyika faragha. Kwa nini lile jepesi, lenye kuondoa shaka zote, lifanyike mlango umefungwa, halafu waandishi waitwe kutazama mvuke?

Kulikuwa na ishara nyingine. Muungano wa viini wa kutoa kilowati kadhaa ungetarajiwa kumwaga mionzi ya gama ya kudhuru kila aliyesimama jirani, na watu walisimama jirani wakaenda zao salama. Shaba iliyokutwa kwenye unga uliotumika nayo ilikuwa na uwiano wa isotopi (aina za atomu za shaba zinazotofautiana uzito) uleule wa shaba ya kawaida, ile ya nyaya na mabomba, wakati shaba iliyozaliwa na nikeli ingetarajiwa kuwa na uwiano wake. Oktoba mwaka huohuo kikaonyeshwa kontena kizima cha mitambo, ahadi ikiwa megawati moja. Zikatangazwa kilowati 479, mteja hakutajwa jina, na jenereta kubwa ilikuwepo palepale. Wafuasi wake hupenda pia kutaja hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, aliyopewa Marekani mwaka 2015. Hataza ile ni ya kifaa cha kupasha maji. Haisemi kitu kuhusu muungano wa nyuklia.

Sehemu inayostahili kusomwa taratibu ni ile ya fedha. Industrial Heat, kampuni ya North Carolina, iliingia na Rossi mkataba wa leseni ya kutumia mtambo wake na kumlipa dola milioni 11.5. Dola milioni 89 zaidi zingefuata iwapo mtambo wa megawati moja ungefaulu jaribio la mwaka mzima. Jaribio likaendeshwa katika ghala moja huko Doral, Florida, mvuke ukisemekana kupelekwa kwa mteja aliyekuwa humohumo kwenye jengo. Kampuni ikagoma kulipa, na Aprili 2016 Rossi akaishtaki.

Kesi ndiyo iliyofumua mambo. Rais wa kampuni ya huyo mteja alikuwa wakili wa Rossi mwenyewe. Na likaulizwa swali ambalo fundi yeyote wa boila angeuliza siku ya kwanza: megawati moja ya joto, usiku na mchana, katika ghala la Florida, ilikuwa inakwenda wapi? Julai 2017, siku chache baada ya kesi kuanza kusikilizwa, pande mbili zikapatana na leseni ikarudi kwa Rossi. Kwa haki yake niseme kwamba mahakama haikumtia hatiani kwa utapeli. Wala haikusema kwamba mtambo unafanya kazi.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Kila kipimo kilichompa Rossi ushindi, yeye au mtu wake alikuwa karibu na mita. Hata katika jaribio la siku 32 la Lugano, Uswisi, mwaka 2014, lililosimamiwa na maprofesa, yeye alishiriki kuweka na kutoa ule unga, na joto likakadiriwa kwa kamera ya kuonyesha joto badala ya kupimwa kwa maji. Kwangu mimi hilo linatosha kusema ahadi haijathibitishwa, bila hata kugusa nadharia.

Na inawezekana kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1989 Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza kule Utah kwamba wamepata muungano wa nyuklia kwenye chupa ya maabara, na maabara nyingi zilipojaribu zikashindwa kuurudia. Miaka mingi baadaye Google ikawalipa watafiti wapatao 30 walichunguze tena wazo hilo kwa moyo mweupe. Mwaka 2019 wakachapisha katika jarida la Nature kwamba hawakupata ushahidi, na wakaeleza wazi vipimo walivyounda njiani. Fedha zile naona zilitumika vyema, ingawa jibu halikuwa nililolitamani.

E-Cat nayo ifanyiwe hivyohivyo. Iuzwe moja, kwa bei ya kawaida, kwa maabara isiyomjua Rossi wala kumdai. Ifungwe kwenye maji ya pipa, mita ya umeme iwe ya maabara, ufunguo wa chumba uwe wa maabara, na mwenye mtambo abaki nyumbani kwake mpaka matokeo yachapishwe.