Sanaa haili muda wa hisabati

Kuna makala inayosema vipindi vya kuchora shuleni vinakula muda wa hisabati na sayansi. Mimi sikubali. Sisi wa Dodoma tuna michoro ya miambani ya Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006. Mpe mtoto kazi ya kusaga udongo mwekundu, auchanganye na mafuta, achore twiga kwenye boksi: hapo kuna sayansi (kwa nini rangi yenye chuma, kama ya udongo huo, haipauki upesi?), kuna historia ya wawindaji, na hisabati ya kukuza picha kwa miraba. Tena udongo ni bure, si kama rangi za dukani tunazochangishwa wazazi. Ila walimu, mkiwapeleka watoto Kolo, kijiji cha Kondoa kilicho karibu na michoro hiyo, wasiguse michoro wala kuimwagia maji ili ionekane vizuri. Inaharibika.