Samaki Nchanga wa Newala

Nilipokuwa safarini kwenda Newala niliapa kwamba sitakuwa mgeni wa kukaa hotelini, kunywa soda na kupiga picha pale Shimo la Mungu, bali nitaishi kama wenyeji, nilale wanakolala na nile wanachokula. Kiapo hicho nilikitoa ndani ya basi, muda mfupi baada ya kuvuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, kwa maana mtu aliyeketi saa nyingi kwenye kiti kimoja huwa jasiri sana wa mambo yasiyomfika. Mwenyeji wangu, rafiki niliyesoma naye chuo, alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, kisha akageukia dirisha. Laiti ningemuuliza alikuwa akitabasamia nini.

Inafaa niseme mapema kwamba mimi ni Mhaya wa Bukoba, na Watanzania wenzangu wanajua jinsi tunavyosemwa: kwamba kwetu mtu akisha kusoma hatulii mpaka majirani wote wapate habari. Nilikuwa nikiamini kwamba huo ni uzushi wa makabila mengine.

Zawadi yangu kwa familia ile ilikuwa kopo la senene ambao mama yangu aliwakaanga na kuwakausha kwa mkono wake. Nililifungua uani, mbele ya Babu, Mama na watoto wanne, na yule aliyekuwa mdogo kuliko wote akachungulia ndani, akatangaza, "Bibi, mgeni kaleta panzi!" Badala ya kucheka nilitoa mhadhara. Nilisema kwamba mtu mstaarabu haonyeshi kinyaa mbele ya chakula cha watu, kwamba utamaduni huingia kwa mdomo, na kwamba mimi, kwa upande wangu, chochote kitakachopikwa katika nyumba ile nitakila na vidole nitavilamba. Babu alitafuna senene wawili bila haraka, akanitazama, kisha akaniomba niyarudie maneno ya mwisho kwa kuwa masikio yake ni mazito. Nikayarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Mama aliniuliza kwa upole kama kwetu wanawake nao hula senene. Nikamjibu, kwa uaminifu wa msomi, kwamba zamani mila za Wahaya ziliwakataza kuwala, ingawa wao ndio waliokuwa wakiwakusanya na kuwaandaa.

"Basi, mwanangu," akasema, huku akilisukuma kopo upande wa Babu, "mila za watu ni za kuheshimiwa."

Alipoinuka kwenda jikoni alisema kwamba usiku tutakula samaki nchanga. Tangu asubuhi nilikuwa nikijivunia kugundua kwamba kwa wazee wa huku mnazi huweza kuwa nnazi na mchele ukawa nchele, kwa hiyo tafsiri haikunichukua hata dakika moja: samaki nchanga ni samaki mchanga, yaani samaki ambaye bado hajakomaa. Na mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hawezi kulisikia jambo kama hilo akanyamaza.

"Babu," nikaanza, "kwetu kuvua samaki wachanga ni kosa. Nyavu zenye macho madogo hukamatwa na kuchomwa moto."

"Sisi hatutumii nyavu," Babu akanijibu. "Tunatumia mitego na jembe."

Jembe lilinitatiza kidogo, lakini nikajiambia kwamba bila shaka wanachimba mabwawa. Nikamuuliza kama haogopi kwamba watakwisha.

"Tukiwamaliza," akasema, "Bwana Shamba atatushukuru."

Niliihuzunikia sana hali ya uhifadhi katika mkoa wa Mtwara. Mtu mwenye akili angejiuliza samaki hao wanaishi wapi, maana Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ambako mvua ikinyesha maji huzama mchangani hadi chini kabisa, na kwa vizazi vingi watu wamekuwa wakiyafuata mabondeni na kuyapandisha kwa kichwa. Mimi nilikuwa na shahada tu.

Umeme ulikatika kabla ya chakula, tukala kwa mwanga wa chemli iliyowekwa mbali. Palikuwa na ugali wa muhogo na mchuzi wa nazi, na vipande vya samaki vilivyobanikwa kwanza, vyenye harufu nzuri ya moshi na nyama iliyoshikana. Nilikula vitatu. Nilitangaza kwamba sato wa Bukoba wanapaswa kuona haya, nikaeleza pia, ingawa hapana aliyeniuliza, kwamba ukosefu wa miiba ni dalili ya samaki wa maji matulivu. Kisha, kwa kuwa nyumbani kwetu kichwa cha samaki huachiwa mtu wa heshima, nikaomba kichwa.

Rafiki yangu alipaliwa. Babu alichagua katika bakuli kwa uangalifu mkubwa, akaniwekea.

Nilikipapasa gizani nikitafuta matamvua, nikapata kitu kilichofanana na sikio. Nikasogea mbele, kwenye mdomo, nikakuta meno mawili marefu yaliyopangana kama patasi.

"Babu," nikauliza taratibu, "samaki huyu ana meno?"

"Asipokuwa na meno," akasema Babu, "mihogo yetu ataitafunaje?"

Hapo ndipo mitego, jembe, shukrani za Bwana Shamba na ule mchanga, ambao kumbe ulikuwa mchanga wa kukanyaga na wala si uchanga wa umri, vilipokuja kukaa pamoja kichwani mwangu na kuwa panya. Rafiki yangu aliniapia baadaye kwamba ni panya wa shambani, si wa darini, kana kwamba kwa wakati ule tofauti hiyo ingenisaidia. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakinitazama kwa heshima, na katika ukimya huo mtoto wa panzi akauliza, "Bibi, mbona mgeni halambi vidole?"

Nikavilamba, kimoja baada ya kingine, vyote vitano. Na kwa kuwa napenda ukweli, niseme kwamba vilikuwa vitamu.

Kosa langu la pili lilikuwa la maji. Nilitoka nje nikijifanya nanawa, nikasukutua na kusukutua mpaka nikaimaliza ndoo nzima, nisijue kwamba mabomba yalikuwa makavu tangu juzi na ile ndoo ilikuwa imenunuliwa. Kinyaa changu Mama alikisamehe palepale, lakini ndoo aliitaja usiku ule, akaitaja asubuhi, akaitaja tena tulipokuwa tukiagana.

Hata hivyo hakuacha kopo langu lirudi tupu. Alilijaza samaki nchanga waliokaushwa, zawadi ya mama yangu, akalifunga kwa kitambaa. Nilikuwa nimelipakata ndani ya basi, tukiipita Tandahimba, mama aliponipigia simu kuuliza nimembebea nini kutoka Kusini.

"Samaki," nikasema.

"Samaki gani?"

Nikamwambia jina lao kama nilivyofundishwa. Akanyamaza kidogo, kisha akanikaripia mpaka abiria wa jirani akasikia: msomi mzima, mtoto wa ziwani, sioni aibu kununua samaki ambao hawajakomaa?