Amehesabu mara tatu, mkamwita mzembe

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilisimama kwa wakala mmoja Ngamiani, hapa Tanga mjini, kutoa pesa. Tulikuwa watu sita kwenye foleni. Ndani ya kibanda yumo binti ninayemjua tangu akivaa sare ya shule ya msingi. Akahesabu noti zangu, akasita, akaanza upya. Akahesabu mara ya tatu. Zilikuwa laki moja na ishirini tu. Mwenye kibanda alikuwa pembeni, amekalia pikipiki, akapaza sauti foleni nzima isikie: "We, akili zako umeziacha wapi? Uzembe wako utanifilisi!" Binti akainamisha kichwa, akanisukumia noti zangu. Nilizihesabu mwenyewe. Zilikuwa sahihi.

Binti huyo alimzika mwanawe mchanga Ramadhani iliyopita. Mtaa mzima unajua. Mwenye kibanda naye anajua, maana mazikoni alikuwepo. Nikamwambia, kaka, huyu ana mawazo, mpe nafasi. Akanijibu: "Mama, kila mtu ana mawazo. Biashara haisubiri mawazo ya mtu." Nikaondoka na hasira ambayo mpaka leo haijashuka.

"Ana mawazo." Hatupitishi siku bila kulisema neno hili, barazani, msibani, kwenye daladala ya Raskazone. Tunalisema kwa huruma kabisa. Halafu mtu yuleyule mwenye mawazo akisahau chenji, akichelewa kazini, akiacha wali ukaungua, huruma inakwisha na tunamwita mzembe, kana kwamba ni mambo mawili tofauti. Ni jambo moja. Mawazo yanakaa mahali, na mahali penyewe ni padogo.

Sisi wa Tanga tunaijua bandari, basi nitasema kwa bandari. Kabla kina hakijaongezwa, meli kubwa zilikuwa zikitia nanga huko nje, shehena ikishushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi gatini. Mzigo ulifika, haukupotea, ila ulifika kwa kuchelewa na kwa gharama. Akili nayo ina gati, pale tunapokishikilia kitu wakati tunakifanyia kazi: namba ya simu kabla hujaiandika, noti ya kumi na nne kabla hujaifikia ya kumi na tano. Wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch waliichambua sehemu hiyo mwaka 1974, na mwaka 2001 mwenzao Nelson Cowan akaonyesha kwamba hata kwa mtu mzima mwenye afya, ni vitu kama 4 tu vinavyokaa hapo kwa wakati mmoja. Vinne! Sasa ingiza meli moja inayoitwa "ningemuwahisha hospitali usiku uleule". Ifunge gatini, na isiondoke asubuhi wala jioni. Noti za laki moja na ishirini zitashushwa wapi?

Mwaka 2007 mwanasaikolojia Michael Eysenck na wenzake waliandika nadharia ambayo nilipoelezwa mara ya kwanza niliona inanihusu mimi. Walisema hofu inaanza kwa kuharibu wepesi wa kazi, kabla haijaharibu usahihi wake. Mtu mwenye hofu mara nyingi anapata jibu lilelile wanalopata wenzake, ila kwa nguvu nyingi zaidi na muda mrefu zaidi, kwa sababu huku anafanya kazi na huku anapigana na fikra zinazomvuta pembeni. Hebu mrudie binti wa pale kibandani. Alihesabu mara tatu na mara zote alipatia. Ile iliyoitwa uzembe ndiyo ilikuwa juhudi yake. Katika watu wote tuliokuwa pale, hakuna aliyefanya kazi ngumu kumzidi, na yeye ndiye aliyetukanwa.

Nasema hivi kwa sababu yamenifika. Mama yangu alifariki mwaka 2019. Miezi minne baadaye, arubaini imeshapita na wageni wamerudi makwao, Jumanne moja uniti za LUKU ziliisha nyumbani kwangu. Pesa ilikuwemo kwenye simu. Simu ilikuwa mkononi. Kununua umeme kunachukua dakika moja, na namba ya mita naijua kwa kichwa. Nilikaa gizani siku tatu. Nilikuwa najua la kufanya, na nilitaka kulifanya. Nikiishika simu, kile kitu kinachomtoa mtu kwenye kujua na kumwingiza kwenye kutenda hakiji. Kaka yangu alipokuja Ijumaa akauliza, "Lakini si pesa unayo?" Sikuwa na jibu. Nililia mpaka akaogopa.

Uwezo huo wa kupanga, kuanza, kuacha hili na kushika lile, kujizuia, kukumbuka ulikusudia nini, una makao yake makubwa kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, inaugusa. Miongozo ya utabibu inalitaja jambo hili waziwazi: miongoni mwa dalili za sonona, zinapodumu wiki mbili au zaidi, kuna kushindwa kuweka akili mahali pamoja na kushindwa kuamua. Kwa hofu iliyopitiliza imetajwa hali ya kichwa kuwa kitupu ghafla. Si jambo la kubuni la watu wa mjini.

Nilipofika kliniki, nesi alinisomea dodoso la kupima sonona lenye maswali 9, hili linalotumika sehemu nyingi duniani tangu mwaka 2001. Swali la 7 linauliza kama unapata shida kuweka akili yako kwenye mambo kama kusoma gazeti au kutazama televisheni. Kwenye maswali ya huzuni sikuwa nimelia. Nililia hapo. Miezi tisa watu walikuwa wananiuliza kwa nini sipiki, kwa nini sipokei simu, kwa nini nimekuwa hivi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naweza.

Na watu wa dini, ambao nawaheshimu na mimi ni mmoja wao, waliniambia niswali. Niliswali. Nikasahau rakaa. Isha moja sikujua kama nipo ya tatu au ya nne, nikabaki nimesimama na aibu mbele ya Mola wangu. Halafu nikakumbuka kwamba ipo sijda ya kusahau. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za ibada, imemtengea nafasi yake mtu aliyepotewa na hesabu ndani ya sala: asujudu mara mbili, sala yake itengemae. Hakuna mahali imemwita mzembe. Nimelifikiria sana jambo hilo. Ibada ina nafasi ya aliyesahau, kibanda cha kutolea pesa hakina.

Nakubali kwamba wavivu wapo. Nakubali pia kwamba pesa za kibanda ni za mwenye kibanda, na siku zikipungua elfu arobaini hakuna atakayemrudishia. Kuna wengine walizaliwa na shida ya umakini tangu utotoni, na hao wanahitaji uchunguzi wao. Wengine ni upungufu wa damu, au tezi ya shingo, au kukosa usingizi. Ndiyo maana mtu anapaswa kupimwa. Kwa kufokewa mbele ya foleni hakuna ugonjwa unaogundulika.

Kinachoniuma zaidi ni kinachokuja baada ya nafuu. Huzuni yangu ilianza kupungua, nikaanza kucheka, nikarudi kwenye shughuli za watu na kitenge cha sare. Kichwa hakikurudi siku hiyo hiyo. Tafiti zinaonyesha kwamba kwa wengi umakini na upangaji vinabaki nyuma hata moyo ukiwa umetulia. Hapo ndipo nilipowapoteza watu. "Si umeshapona?" wakasema. Miezi ile ya machozi walinivumilia. Ya kusahau hawakuweza, maana waliniona nacheka.

Tukisikia afya ya akili tunawaza hospitali ya Mirembe, tunawaza ile ya Lutindi kule Korogwe, mtu wa kuokota makopo. Kwa hiyo aliyevaa vizuri, anayejibu salamu, anayehesabu noti polepole, hatumhesabu kuwa mgonjwa.

Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Ni "mawazo" yetu haya haya. Wao hawakuishia kulisema. Tangu mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya vituo vya afya, na mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi nalipenda lile wanalolifanya pale benchini. Bibi anamsaidia mtu kuyatoa matatizo yake yote nje, kuchagua moja, kisha kupanga hatua ya kwanza ya hilo moja. Yaani bibi anapanga pamoja na yule ambaye kupanga kumemshinda. Tanga ina mabenchi na mabaraza kila kona, na kina bibi wenye maneno ya busara hatujawahi kupungukiwa. Tunawatumia kuamua ndoa tu.

Wakati wangu, aliyenisaidia kwa vitendo alikuwa dada yangu. Hakunihutubia. Alikuwa akija asubuhi, anachukua karatasi, ananiuliza "leo jambo gani moja?", anaandika, anabandika kwa ndani ya mlango wa mbele, anakunywa chai yake na kuondoka. Jambo moja tu: LUKU, au kufua, au kumpigia simu shangazi. Jioni anapiga kuuliza. Nisipofanya, karatasi inabaki pale pale mpaka kesho na hakuna lawama.

Mwenye kibanda naye angeweza kusaidia kwa vitendo. Mashine ya kuhesabia noti inauzwa. Saa za foleni kubwa, akae yeye mwenyewe. Amwambie binti "hesabu taratibu, nitawaambia wateja wasubiri". Wateja tungesubiri. Tungeelewa, kama tungeambiwa.

Jumatatu nilipita tena kwa makusudi. Kibandani alikuwemo kijana mwingine, mwepesi kweli, noti zinalia mkononi. Nikauliza, naye akasema yule dada ameacha kazi, yuko kwao Makorora. Sikumuuliza kama ameacha au ameachishwa. Alhamisi inshallah nitakwenda kumtazama, na kama atakubali tutakwenda wote kliniki. Nimeshaandika kwenye karatasi, nimebandika mlangoni.