Kafungwa kwa siasa, maksi 2

Juzi mpwa wangu kaja na daftari nimsaidie kusoma, ana mtihani. Swali: mfungwa wa kisiasa ni nani? Jibu alilonakili ubaoni: ni mtu aliyefungwa kwa sababu za siasa. Maksi 2. Chini yake Mandela, miaka 27, halafu Azimio la Haki za Binadamu, 1948, vifungu 30. Basi, haki za binadamu zimeisha hizo, tugeuze ukurasa.

Nikamuuliza, huyo Mandela alishtakiwa kwa kosa gani? Akanikodolea macho. "Si siasa, anko?"

Hapo ndo hasira zikanipanda, na mtoto hana kosa. Jamani, hakuna mahakama inayoandika "kosa: siasa". Mandela mwaka 1962 alipigwa miaka mitano kwa kuchochea mgomo na kutoka nchini bila pasipoti, 1964 wakamshindilia kifungo cha maisha kwa hujuma. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya, alikula miaka mitatu, 1969 mpaka 1972, eti uchochezi, na uchochezi wenyewe ni kijikaratasi ambacho hata jina lake ni swali, Kenya: Twendapi? Liu Xiaobo, mwandishi wa China, 2009, miaka 11, kuchochea kupinduliwa kwa dola. Ukisoma makaratasi ya mahakama tu, wote wahalifu! Sasa mtoto uliyemkaririsha kwamba mfungwa wa siasa hufungwa kwa siasa, kesho akisikia mtu kadakwa kwa uchochezi si atasema anastahili, maana neno siasa halijatajwa popote? Walimu, anzeni na hati ya mashtaka. Kosa linaitwaje, mtu alifanya nini hasa, na hiyo sheria aliitunga nani, lini.

Mtasema inakuwa ngumu. Ni ngumu kweli. Mandela mwenyewe alikiri mahakamani kwamba alipanga hujuma, na Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, ikakataa kumwita mfungwa wa dhamiri, yaani aliyefungwa kwa imani yake bila kutumia nguvu, kwa sababu hiyohiyo. Si ndo tamu sasa? Wapeni wanafunzi walumbane mpaka kengele ilie. Walimu wanaogopa, haya, nawaelewa, kidogo, mwalimu ana mkuu wake na mkuu ana wakubwa zake. Ila hati ya mashtaka ya Mandela itamfukuzisha nani kazi?

Tulipochoka na makosa nikampa karatasi. Nikamwambia kule Robben Island, kisiwa cha gereza alikofungwa Mandela, mfungwa wa daraja la chini alikuwa na barua moja kwa miezi sita, maneno 500, mambo ya familia tu, haya mwandikie mama yako. Akaandika mbiombio. Nikachukua wembe nikakata kila palipotajwa rafiki, shule, mpira, kama walivyokuwa wanakata maaskari. Ikabaki matundu matundu. Akaiinua akanichungulia kupitia tundu moja, kimya muda mrefu, na huyu mtoto kwa kawaida hanyamazi.

"Anko, nikiyaandika haya kwenye mtihani nitapata zile mbili?"

Nikamwambia we andika siasa.