"Bangi imemharibu" ni jibu la haraka mno

Kijana akianza kuongea peke yake mtaani, hukumu inatoka kabla hajafikishwa hospitali: bangi imempanda kichwani. Ndugu wanaitikia, yanaisha.

Sisemi bangi haina kosa. Huko Sweden walifuatiliwa vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini mwaka 1969 na 1970, na waliokiri kuvuta zaidi ya mara 50 waliugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli, mara sita zaidi ya wasiovuta. Mwaka 2019 Marta Di Forti wa London na wenzake wakaonyesha kwamba kwa anayevuta kila siku bangi kali, yenye THC (kemikali inayolewesha) ya 10% na kuendelea, uwezekano wa kupatwa na saikosisi, yaani kushindwa kutofautisha ya kweli na yasiyo kweli, unakaribia mara tano ya asiyevuta. Kwa hiyo wale wa "ni majani tu, kaumba Mungu" nao wanatudanganya.

Lakini hata huko Sweden, wavutaji wengi hawakuugua. Msokoto mmoja unazunguka kijiweni, watano wanacheka na kwenda zao kulala. Wa sita siku ya tatu hajapata usingizi, na anaapa redio inamtaja jina. Kwa nini yeye?

Damu inahusika. Mtoto wa mzazi mwenye skizofrenia ana uwezekano wa takriban 10%, wakati kwa watu kwa ujumla ni karibu 1%. Jeni zinazochangia ni nyingi sana, kila moja kidogo kidogo. Hata pacha wa kufanana na mgonjwa mara nyingi haugui.

Halafu kuna utoto, na hapa ndipo tunapogeuza mazungumzo. Waliopigwa, kunajisiwa au kutelekezwa wakiwa wadogo wana uwezekano wa kupatwa na saikosisi karibu mara tatu ya wengine. Na utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Aliyewafanyia mara nyingi anajulikana. Nadhani ndiyo maana tunalipenda jibu la bangi: halimtaji mjomba.

Kijana ambaye bibi yake aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, aambiwe habari za bibi huyo, zile tunazozificha hasa posa inapoletwa. Aambiwe mapema, kabla hajafika kijiweni, kwamba msokoto wa wenzake kwake yeye una hatari zaidi, na kwamba akianza kusikia sauti aseme siku hiyohiyo, hatachekwa wala kufungwa kamba.